Barabara ya Segera–Tanga: uzoefu wangu wa kuiendesha

Ukitoka Dar au Arusha kwenda Tanga mjini, wengi tunapitia Segera. Pale unaiacha barabara kuu ya kaskazini na kushika ya Tanga: kilomita 70 na ushee, lami mwanzo mwisho, kupitia Hale, Muheza na Pongwe. Naendesha gari dogo, na njia hii nimeipita kiangazi na masika.

Raha yake ya kwanza ni kupungua kwa malori. Yale ya Moshi na Arusha yanaendelea zao na Korogwe, kwa hiyo ukishakata kona ya Segera unapumua. Hupumui sana lakini, maana yapo ya bandarini na ya saruji kutoka Pongwe, na barabara ni njia moja kwenda, moja kurudi. Upande wa Hale, mnapovuka Mto Pangani, ukinaswa nyuma ya semi lenye mzigo tulia tu. Kuna mabasi yatakuwashia taa na kukupigia honi uovateki kwenye kona. Waache wapite wao.

Kinachonikera zaidi ni vibao vya 50. Sipingi mwendo huo vijijini, watoto wanavuka kwenda shule. Tatizo ni kibao cha kumaliza 50: kuna mahali kimefunikwa na majani hukioni mpaka umekipita, basi unabaki unakwenda 50 porini huku nyuma foleni inakutukana. Ukijiamulia mwenyewe kwamba kijiji kimeisha, mbele unamkuta trafiki na tochi yake ya kupimia mwendo, na faini ya kosa moja ni shilingi 30,000. Mimi sipandishi mwendo mpaka nikione kibao kwa macho yangu.

Usiku siipendi kabisa. Kwenye mashamba ya mkonge kuna giza totoro, na watu wa huku ni wa baiskeli. Mtu anatoka shamba na mzigo wa kuni umezidi upana wa baiskeli yenyewe, hana taa wala kiakisi, unamwona ameshafika kwenye bonneti. Ukiona jua linazama uko Segera, nakushauri ule, ulale, uondoke alfajiri.

Mchana sasa, ukifika Muheza simama. Msimu wa machungwa yanapangwa mafungu kando ya barabara, mengine yamejazwa kwenye viroba. Usiyakimbie kwa sababu ganda ni la kijani. Ya Muheza yanaiva hivyohivyo, na ukimwomba muuzaji akumenyee moja uonje hakatai. Bei ya kwanza ni ya mgeni, punguza. Hapohapo Muheza ndipo inapochepuka njia ya kupanda Amani, kwenye msitu wa Usambara Mashariki, ila hiyo ni safari nyingine na inataka gari la juu.

Reli nayo mko nayo jirani. Wajerumani walianza kuijenga kutokea Tanga mwaka 1893, lakini hadi leo kwa abiria wa kawaida barabara ndiyo inayobeba kila kitu. Nauli za basi sizisemi kwa kuwa zinabadilika.

Barabara hii naipa nyota nne kati ya tano. Mabasi ya mikoani yanaishia stendi ya Kange, nje kidogo ya mji, kwa hiyo ukija kwa basi tenga hela ya daladala au bodaboda ya kukufikisha katikati, na bodaboda patana naye kabla hujapanda.