Resini ya maji iliyokataa kuganda, na jibu lililoniuma kuliko hasara

Nyota moja. Nimeshaiandika mara mbili na mara mbili nimeifuta, lakini kwa leo naiacha hapo, na nitaeleza kwa nini.

Anayejenga reli ndogo za mfano, za kuwekwa mezani, anajua kwamba maji hufanywa mwishoni, kwa resini ya epoksi, yaani kimiminika kinachochanganywa na kigumishi kikaganda kama kioo. Mlima ukiukosea unaubomoa na kupaka plasta upya. Kokoto za relini zikikaa vibaya unazilowesha na kuzikwangua. Maji hayana msamaha huo. Unayamimina juu ya kazi yote iliyotangulia, na yakikataa, yanaondoka na kila kilicho chini yake.

Mto wangu unapita chini ya daraja la matao matatu. Natumia skeli ya HO, yaani 1:87, kila kitu kikiwa kimepunguzwa mara 87, ambako mtu mzima ana kimo cha kama sentimita mbili, kwa hiyo jiwe la mtoni likizidi kidogo tu linageuka jabali. Niliyachekecha mawe yote kwa chujio. Sakafu ya mto niliipaka kijani kizito kinachokaribia weusi pale katikati, nikakififisha kuelekea kingoni mpaka kikawa rangi ya mchanga, kwa sababu kinachomdanganya mtazamaji aone kina ni rangi ya chini, wala si wingi wa resini. Nikaziba kila tundu, maana epoksi ikipata upenyo wa sindano utaikuta sakafuni asubuhi. Kazi hiyo ilinichukua miezi, jioni baada ya jioni.

Sasa bidhaa yenyewe. Chupa kubwa ya resini, chupa ndogo ya kigumishi, na lebo inayosema uchanganye sehemu mbili kwa moja. Basi. Sehemu za nini, za ujazo au za uzito? Hakuna neno. Nikapima kwa mizani, gramu 100 kwa 50, nikiamini kwamba mizani ndiyo kipimo cha mtu makini. Nilikoroga taratibu nisiingize hewa, nikakwangua kuta na kitako cha kikombe, nikamimina tabaka la milimita tatu, kisha nikafunika kwa boksi ili vumbi lisitue.

Saa 24, walisema. Siku ya pili niligusa kingoni, kunanata. Nikajiambia ni baridi ya chumba, maana epoksi hukawia kuganda penye baridi, nikaleta hita. Ikapita wiki, ikapita nyingine. Mto ukabaki unanata kama ulimbo. Nyuzi za nyasi bandia kutoka kilimani zikapeperuka na kunasa katikati ya maji, na kila nilipowasha taa zilikuwa za kwanza kuonekana.

Nikawaandikia huduma kwa wateja na picha nikatuma. Jibu lilikuwa sentensi moja, kwamba tatizo la aina hiyo husababishwa na mtumiaji. Nikapiga simu. Aliyepokea alinikatiza kabla sijamaliza kujieleza, akauliza nilipima kwa kitu gani. Kwa mizani, nikasema. Akacheka. Akasema kila mtu anajua kwamba vipimo vile ni vya ujazo. Nikamuuliza huyo kila mtu alijulia wapi, ikiwa kwenye lebo hakuna. Akanijibu, "Lakini ndugu, si ni midoli tu? Si umwage mwingine?"

Midoli tu.

Sijui niliwezaje kukata simu bila kutukana. Nilikaa mbele ya meza nikitazama daraja, tofali kwa tofali nililolichonga mwenyewe, na sauti ya kile kicheko haikunitoka kichwani. Hata sasa ninapoandika inanipandisha damu.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba kuhusu kipimo alikuwa sahihi. Resini ni nzito kuliko kigumishi. Ukizipima mbili kwa moja kwa uzito, kigumishi kinazidi kiasi kinachotakiwa, na epoksi haina huruma kwa kinachozidi. Ziada hiyo haipati cha kushikamana nacho, inabaki humo ikilainisha kila kitu. Si kama gundi ya kawaida kwamba ukingoja itakauka tu. Neno moja, "ujazo", lingeokoa mto wangu, na kwenye ile lebo nafasi ipo, maana wamejaza picha ya ziwa na machweo ya jua.

Nilishakusudia kurudi kufanya maji kwa vanishi ya kung'aa, tabaka juu ya tabaka. Inachosha lakini haimtukani mtu. Ila kabla ya kuubomoa mto nilijaribu jambo la mwisho. Niling'oa nyuzi kwa kibano, nikafuta uso, nikapima upya kwa vikombe vyenye mistari, safari hii kwa ujazo, nikamimina tabaka jembamba juu ya lile bovu. Kesho yake lilikuwa limeganda gumu kama kioo.

Niseme ukweli ulivyo: sijawahi kutengeneza maji mazuri kama haya. Mawe ya chini yanaonekana moja moja. Matao ya daraja yamejirudia ndani ya maji, na behewa likipita juu, kivuli chake kinapita chini. Resini ilipanda kidogo kwenye kingo, kama kawaida ya epoksi, nikazififisha kwa vanishi isiyong'aa. Mawimbi madogo nikayainua kwa jeli ya akriliki, na penye nguzo za daraja nikagusa weupe kwa brashi kavu. Nilisimama pale muda mrefu bila kuwasha treni.

Kwa hiyo nyota tano? Resini yenyewe, labda nne. Lebo, hakuna. Yule wa simu, hakuna, na nikikumbuka kicheko chake hata zile nne naona nimezitoa bure. Naacha moja mpaka wabadilishe lebo.

Nimenunua chupa nyingine, kwa ajili ya bwawa la chini ya kinu. Kabla sijaiweka kabatini niliandika ubavuni mwake kwa kalamu nene: KWA UJAZO.