Kisu kimoja cha bei mbaya au vinne vya kawaida? Uzoefu wangu

Mtu akishajua kwamba natembea na kisu cha mfukoni kila siku, swali linalofuata huwa ni hilo hilo: ajikamue anunue kimoja cha bei mbaya akae nacho miaka, au achukue vitatu vinne vya bei ya kawaida? Nimekuwa na vya pande zote mbili, na nimevitumia kwenye kazi zile zile. Jibu langu ni moja: chukua vya kawaida, lakini vya watengenezaji wanaoeleweka, na hela itakayobaki nunua jiwe zuri la kunolea. Ninalisema kwa msisitizo kwa sababu ushauri wa kwamba cha ghali ndicho bora unawamalizia watu pesa na kuwaachia kisu wanachoogopa kukitumia.

Cha ghali kinastahili sifa zake, kwa hiyo nianze nacho. Changu kina mpini wa titani na bapa la chuma cha S30V. Loki yake ni ile ambayo upande mmoja wa mpini umechanwa ukawa kama ulimi. Ukifungua kisu, ulimi unajisogeza nyuma ya bapa na kulizuia lisijikunje. Mtindo huo ulibuniwa na Chris Reeve, fundi wa visu kutoka Afrika Kusini aliyehamia Marekani, na leo umeenea kila mahali. Kukifungua kwa gumba ni raha: bapa linateleza, linagota, na halichezi hata kidogo, si kwa juu na chini wala kwa pembeni. Likikunjwa linalala katikati kabisa ya mpini. Kazi ya namna hiyo haitoki kiwandani kwa haraka, na sehemu kubwa ya pesa uliyolipa imeishia hapo, kwenye mpini, loki na usahihi wa vipande kushikana.

Chuma nacho ni kizuri kweli. S30V kilitolewa na kampuni ya Crucible ya Marekani mwaka 2001, kikiwa kimelengwa moja kwa moja kwa visu. Kina kaboni asilimia 1.45, kromi 14 na vanadi 4. Vanadi ikiungana na kaboni huzaa punje ngumu mno ndani ya chuma, na punje hizo ndizo zinazofanya makali yadumu. Ukitaka kuziona faida zake, kata maboksi. Boksi linakula makali kuliko watu wanavyodhani, maana karatasi yake ina chembe za udongo na mchanga zisizoonekana kwa macho. Kisu hiki kinaendelea kukata pale ambapo vingine vyangu vimeshaanza kuchana.

Tatizo linakuja siku makali yanapokwisha, kwa sababu hakuna kisu duniani ambacho makali yake hayaishi. Mawe mengi ya kawaida ya kunolea yametengenezwa kwa oksidi ya alumini, na punje za vanadi ni ngumu kuliko oksidi hiyo. Unasugua, unasugua, jiwe linakula chuma laini kilichozizunguka punje, lakini punje zenyewe linazipapasa tu. Unaondoka na makali ya kuchechemea. Dawa yake ni jiwe la almasi, ambalo ni gharama nyingine juu ya gharama, na hata ukiwa nalo utakaa chini muda mrefu. Ndiyo maana visu vingi vya ghali nilivyowahi kushika mikononi mwa watu vilikuwa butu. Mwenye nacho hana la kunolea, au analo lakini anaogopa kukichubua. Kisu cha kawaida kilichonolewa asubuhi kitakishinda hicho mchana kutwa. Wazee walishasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na hawakutaja bei.

Kisha kuna suala la unene, na hili ndilo ningependa mnunuzi alielewe kuliko yote, kwa kuwa ni nadra kulikuta limeandikwa kwenye boksi la kisu. Watu wanauliza chuma gani, hawaulizi bapa ni nene kiasi gani juu kidogo ya makali. Kisu changu cha ghali kina mgongo wa karibu milimita 4, na unene huo unashuka karibu hadi chini kabla bapa halijaanza kuwa jembamba. Chukua boksi gumu la tabaka mbili, lile la kufungia mashine. Makali yanazama vizuri mwanzoni, kisha mabega ya bapa yanafika kwenye karatasi na kisu kinakaba. Utasikia boksi linapasuka badala ya kukatwa, na mkono unaanza kusukuma kwa nguvu. Kusukuma kwa nguvu ndiko kunakokata vidole.

Sasa chukua Opinel namba 8. Bapa lina urefu wa sentimita 8.5 na mgongo wake haufiki hata nusu ya unene wa kile cha titani. Kwenye boksi lile lile kinapita kimya, mkono umelegea, na mstari unatoka ulionyooka. Tunda unalimenya ganda likitoka jembamba. Mti laini unauchonga na vipande vinajikunja mbele ya makali. Kisu hiki kilianza kutengenezwa na Joseph Opinel mwaka 1890 huko Savoie, Ufaransa, kwa ajili ya wakulima na wafanyakazi, na umbo lake halijahitaji kubadilishwa sana tangu hapo. Pete ya chuma inayozungushwa kufunga bapa iliongezwa mwaka 1955. Kwa bei ya kisu changu cha titani ningepata Opinel za kugawia ukoo mzima, na kwa kukata kama kukata, Opinel inakishinda. Sioni haya kulisema.

Zipo za aina mbili: za chuma cha kaboni na za chuma kisichoshika kutu. Mimi nina ya kaboni. Inanoleka upesi na inapokea makali ya kunyolea, lakini ukiiacha na maji au juisi ya tunda usiku kucha, asubuhi utakuta madoa. Ifute, ipake tone la mafuta, basi. Kwa muda bapa linapata rangi ya kijivu, na rangi hiyo inasaidia kuzuia kutu. Mpini ni wa mti, na mti hunywa maji: ukilowa sana unavimba na bapa linakuwa gumu kufunguka hadi ukauke. Kwa kazi za majini chukua kingine.

Hapo ndipo wingi unapoanza kuwa na maana. Silengi kukusanya visu vinne vinavyofanana. Kila kimoja kina kazi yake, na kwa pamoja vinafanya ambacho kimoja, hata kiwe ghali namna gani, hakiwezi.

Cha pili ni Victorinox Spartan, kile chenye urefu wa milimita 91 kikiwa kimekunjwa. Karl Elsener alifungua karakana yake huko Ibach, Uswisi, mwaka 1884, akaanza kulipatia jeshi visu mwaka 1891, na kisu cha maafisa ambacho ndicho baba wa hiki kilisajiliwa mwaka 1897. Chuma chake ni laini kulinganisha na S30V, kama 56 kwenye kipimo cha ugumu cha Rockwell, na wapenzi wa vyuma vigumu huwa wanakibeza kwa hilo. Mimi nakipenda kwa sababu hiyo hiyo. Makali yakipigwa na kitu kigumu yanajikunja badala ya kumeguka, na nikikipitisha kwenye jiwe lolote, hata chini ya kikombe cha udongo pale palipobaki bila rangi ya kung'aa, kinarudi kukata ndani ya muda mfupi. Juu ya hapo kina bisibisi, kifungua kopo na kitoboleo. Kisu chako cha ghali kikishatumika kama bisibisi, ncha imekwenda.

Kina kasoro moja ya maumbile: hakina loki, ni springi tu inayolishika bapa. Kwa hiyo usichomee nacho kitu, na usikikandamize kwa upande wa mgongo. Lakini kukosa loki kuna faida pia. Uingereza, kwa mfano, inaruhusu kubeba hadharani bila sababu maalum kisu cha kukunja kisicho na loki chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Kisu cha loki hakimo kwenye ruhusa hiyo, hata kiwe kidogo. Popote ulipo, soma sheria ya huko kabla ya kukitia kisu mfukoni. Mwenye kisu kimoja tu akikuta hakiruhusiwi, hana kingine.

Cha tatu ndicho cha shuruba. Ni kisu cha loki chenye bapa la chuma cha D2, ambacho viwandani hutumika kutengenezea vifaa vya kukatia na kubonyezea vyuma vingine. Kina kaboni kama asilimia 1.5 na kromi kama 12, kwa hiyo kinashika makali vizuri sana, ingawa kutu kinaweza kupata kikiachwa na jasho. Zamani D2 ilikuwa kwenye visu vya bei ya juu. Sasa inapatikana kwenye visu vya kawaida kabisa. Hiki ndicho ninachokwangulia gundi na rangi, ninachokatia mazulia, mabomba ya plastiki na kamba zilizojaa mchanga. Kimechubuka kila upande, na sijali. Cha titani nisingekiingiza huko, na kisu ambacho hutaki kukiingiza kwenye kazi kimepunguza thamani yake chenyewe.

Cha nne ni kidogo cha milimita 58, kinachoning'inia na funguo, chenye bapa fupi na mkasi. Ni cha barua, nyuzi na kucha. Sina mengi ya kusema juu yake zaidi ya kwamba ndicho ninachokitoa mara nyingi kuliko vyote.

Hofu ni gharama halisi, na watu hawaiweki kwenye hesabu. Ukiwa na kisu cha bei mbaya unakiazima kwa moyo mzito, unakipapasa mfukoni kila ukiinuka kwenye kiti, na ukisafiri kwa ndege unajikagua mara mbili, kwa sababu kisu kilichosahaulika kwenye mkoba wa mkononi mara nyingi kinabaki kwa wakaguzi. Kikipotea cha kawaida, utasikitika jioni moja na kununua kingine.

Lakini nikisema vya kawaida, sisemi takataka. Niliwahi kuwa na kisu kisicho na jina lolote la maana, chenye maandishi ya kujisifu ubavuni, na loki yake ilikuwa ikiachia nikibonyeza mgongo kidogo tu. Kisu cha loki inayoachia ni hatari kuliko kisu kisicho na loki, kwa kuwa umekiamini. Kabla ya kulipa, kifungue, shika mpini vidole vikiwa nje ya njia ya bapa, kisha bonyeza mgongo wa bapa taratibu kwenye ubao. Kikijikunja, kirudishe. Kitikise ukisikilize kama kuna kitu kinachocheza. Tazama makali kwa kuyaelekeza kwenye mwanga: upana wa mstari wa makali uwe sawa pande zote mbili, kuanzia kwenye mpini hadi kwenye ncha. Na kama unaambiwa ni kisu maarufu cha ghali kwa bei ya chini mno, karibu hakika ni bandia, maana visu maarufu vinaigizwa sana na chuma cha ndani hakifanani na kilichoandikwa juu.

Kuhusu jiwe, lenye upande wa 400 na upande wa 1000 (namba ikiwa kubwa, chembe za jiwe ni laini zaidi) linatosha kabisa kwa visu hivi vinne vya kawaida, D2 ikidai subira zaidi. Inua mgongo wa kisu kiasi cha nyuzi 15 hadi 20, na pembe hiyo isibadilike. Sugua upande mmoja mpaka, ukipitisha gumba kutoka kwenye mgongo kuelekea nje ya makali upande wa pili, uhisi unywele wa chuma unaokwaruza urefu wote wa bapa. Usipouhisi, hujafika, hata kama umechoka. Ukishaupata, geuza, fanya vivyo hivyo, kisha punguza nguvu polepole na umalizie kwenye mkanda wa ngozi. Kisu kiguse karatasi na kuikata bila kelele.

Yupo mtu ninayemshauri anunue cha ghali bila kusita: anayekifungua na kukikunja kisu mkono mmoja siku nzima kazini, mkono mwingine umeshika kitu, mahali ambapo hana nafasi ya kukaa na kunoa kabla ya jioni. Kwake loki imara ni usalama na makali yanayodumu ni muda. Huyo na achukue S30V au bora zaidi, anunue na jiwe la almasi siku hiyo hiyo, asome pia masharti ya dhamana kabla ya kugusa skrubu yoyote, maana baadhi ya watengenezaji hawakitambui tena kisu kilichofunguliwa na mwenyewe. Wengine wote, anzeni na Opinel na kisu kimoja cha springi, mvitumie mpaka mjue ni kazi gani vinashindwa, ndipo mnunue cha tatu kwa ajili ya kazi hiyo.