Uzoefu wangu: ndege ilitua Kidepo, gari bado linatia mafuta Gulu

Nianze na nyota: moja. Huenda nikaibadilisha kabla sijamaliza kuandika, maana hasira zenyewe bado zinapanda na kushuka.

Kampuni siitaji kwa jina. Ofisi iko Kampala, wanauza safari za kifahari kwenda hifadhi ya wanyama ya Kidepo, kule mwisho kabisa wa Karamoja, mpakani na Sudani Kusini. Tulikuwa wanne, usiku tatu, kiangazi hiki kilichopita. Makubaliano yaliandikwa wazi: ndege kutoka Entebbe, na huko hifadhini gari letu peke yetu pamoja na dereva wao. Hilo "peke yetu" ndilo lililopandisha bei. Kambi za kule zina magari yao, lakini unachangia na wageni wengine. Mmoja anataka ndege wa angani, mwingine simba tu, wa tatu kachoka anataka kurudi kula. Kama unapiga picha, au unataka kukaa saa mbili na kundi moja la nyati bila mtu kukuhimiza, gari la kuchangia ni adhabu unayoilipia.

Sasa, yeyote aliyewahi kupanga Kidepo kwa ndege anaijua hesabu hii. Ndege inakuchukua asubuhi na kabla ya chakula cha mchana uko Apoka, ndani ya hifadhi. Gari kutoka Kampala kupitia Karuma, Gulu na Kitgum linataka saa kumi hadi kumi na mbili, kama barabara ni nzuri na dereva hasimami hovyo. Kwa hiyo gari linatangulia siku moja. Linatoka Kampala alfajiri ya jana yake, dereva analala Kitgum, asubuhi anajaza tangi palepale Kitgum, anapita Orom na Karenga taratibu, na saa nne yuko kiwanjani Apoka kioo kimefutwa na maji ya kunywa yako kwenye boksi la barafu. Si siri ya kazi hii. Ni hesabu ya kutoa na kujumlisha.

Tulitua saa nne na nusu. Rubani akashusha mifuko, akapokea abiria wa kurudi, akaruka. Vumbi likatulia. Pale Apoka baada ya ndege kuondoka hakuna kelele kabisa, na siku nyingine ningeisifia hali hiyo kwa aya nzima. Gari halikuwepo. La kambi pia halikuwepo, na hapo lawama si ya kambi: waliandikiwa kwamba wageni hawa wana usafiri wao. Askari wa hifadhi aliyekuwa zamu akatukaribisha kivulini. "Mama, kaeni hapa, jua litawaumiza." Mtandao kule hukamata na kupotea; ukakamata, nikampigia meneja wa kampuni.

"Mama, gari liko hapo karibu. Dakika ishirini."

Baada ya dakika arobaini nikapiga tena. Nikamwambia, kijana wangu, niambie ukweli tu, nitapanga usafiri mwingine. Akacheka. Akasema, "Mama, huko ni porini, si Kampala Road. Porini hakuna saa."

Sentensi hiyo ndiyo inaandikisha haya yote. Porini hakuna saa? Porini ndiko saa inakouma. Tiketi ya kuingia hifadhini ya UWA, mamlaka ya wanyamapori Uganda, inahesabiwa kwa saa 24, na yetu ilikuwa inakwenda tumekalia mifuko. Mzunguko wa asubuhi una faida kuanzia kumi na mbili na nusu hadi saa tatu, baada ya hapo simba kapanda juu ya mwamba, kalala, na joto linacheza machoni mwa kamera. Wa jioni unaanza saa kumi, na giza likiingia lazima uwe umerudi, maana usiku huzunguki hifadhini bila mpango na askari. Mtu anayeuza safari ya kifahari halafu hajui hilo, anauza vitanda.

Afande aliita kambini kwa redio, akawaeleza bila sisi kumwomba. Gari lao lilikuwa bado na wageni wengine upande wa bonde la Narus. Lilitufikia baada ya saa moja na nusu na zaidi, na mchana lilikuwa limeshapangwa kwa watu wengine, kwa haki kabisa. Jioni ya kwanza ikapotea hivyo.

Gari letu lilifika jua linazama. Dereva alishuka mwekundu kwa vumbi, akasema, "Poleni sana, mama, poleni." Sikumgombeza. Alinipa risiti ya mafuta niione mwenyewe, wala sikuiomba: kituo cha mafuta cha Gulu, 10:52 asubuhi. Kumbe "hapo karibu, dakika ishirini" ilikuwa mji wa Gulu. Aliambiwa kuhusu safari usiku wa kuamkia siku hiyo, akatoka Kampala saa kumi na moja alfajiri. Ofisi iliokoa hela ya kulala usiku mmoja Kitgum. Chumba na sahani ya chakula cha dereva Kitgum havifiki bei ya chupa moja ya mvinyo pale kambini.

Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Nzito ni tairi.

Kutoka Kitgum kwenda juu kuna mawe makali na makorongo, na dereva anayekimbizwa na simu ya bosi haendi taratibu. Baada ya Orom tairi la nyuma lilipata mkato ubavuni. Pancha ya usoni, pale tairi linapogusa ardhi, unaiziba kwa dakika kumi: chomoa msumari, sukuma utepe wa mpira, jaza upepo. Ubavu hauzibiki. Ubavu unapinda kila mzunguko wa gurudumu, kiraka hakishiki, na tairi hilo linabaki mzigo tu. Akafunga spea. Spea ilikuwa moja. Gari linalokwenda Kidepo linabeba spea mbili, na hili si pendekezo. Nilikagua mlango wa nyuma kwa tochi: nafasi ya spea ya pili ipo, vyuma vyake vipo, bolti zimeshika kutu. Haijafungwa kitu pale muda mrefu. Jeki ndogo ya kiwandani, ambayo kwenye mchanga inazama yenyewe kabla haijainua gari, na hakuna hata kipande cha mbao cha kuiwekea chini. Pampu ya upepo ya umeme hakuna. Koleo lilikuwepo, nawapa koleo.

Kwa nini inaniuma? Kwa sababu Kidepo ni mabonde mawili. Narus, kusini, ndilo lenye maji yanayobaki kiangazi, ndiyo maana wanyama wanajazana huko na kambi ziko huko. Ila bonde la Kidepo lenyewe, kaskazini, ndilo linalofanya watu wavuke nchi nzima. Mto wake ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, mweupe, mpana, miti ya mivumo imesimama kando kama imepandwa kwa kamba. Ukivuka unaendelea kilomita kama 11 hadi chemchemi za maji moto za Kanangorok, milima ya Sudani Kusini iko mbele yako. Mbuni hutafutwa upande huo. Mbung'o wako wengi pia, wala msivae nguo nyeusi au buluu, rangi hizo zinawaita.

Kuvuka mchanga ule kuna utaratibu. Unashusha upepo wa matairi, kutoka 35 hivi hadi kama 20 kwenye kipimo, tairi linatanuka na kukanyaga pana. Unaweka magurudumu yote manne yasukume, gia ya chini, mwendo ule ule usiokatika, hugusi breki katikati. Ukitoka upande wa pili unajaza upepo upya, la sivyo mawe yatakukata ubavu. Kwa hiyo unahitaji pampu, na unahitaji spea. Sisi tulikuwa hatuna hata kimoja. Dereva alisema hatavuka, na alikuwa na haki asilimia mia. Ukikwama kule huna wa kumpungia mkono. Askari aliyetusindikiza naye akatikisa kichwa. Hatukuvuka. Kanangorok tumeisikia kwa majina.

Unaona mnyororo wake? Usiku mmoja wa Kitgum umebaniwa, gari likakimbizwa, tairi likakatwa, spea ikaisha, bonde zima likafungwa. Halafu mtu ananiambia porini hakuna saa.

Haki itendeke sasa, maana yapo waliyofanya vizuri, nisionekane nimekwenda kutafuta ugomvi. Mambo ya mizigo waliyaeleza kuliko kampuni yoyote niliyoiona: kilo 15 kwa mtu pamoja na begi la mkononi, mfuko laini usio na magurudumu wala fremu. Wakaeleza na sababu. Sehemu ya mizigo chini ya tumbo la Caravan, ile ndege ndogo iliyotubeba, ni fupi kwenda juu, sanduku gumu haliingii hata likiwa jepesi, na uzito unahesabiwa kwa sababu kiwanja ni kifupi, cha udongo, kiko juu, na hewa ya joto inabeba ndege kwa shida. Walikumbusha pia kadi ya homa ya manjano kwa wenzetu waliotoka nje. Walituchagulia wakati sahihi, kiangazi, nyasi za Narus zimelala na wanyama wako wazi. Na kambi waliyoichagua, mimi sina neno baya hata moja.

Na dereva. Mtu amelala kwa saa nne tu, amekula vumbi siku nzima, na asubuhi kumi na mbili yuko nje anasubiri na chai kwenye chupa. Siku ya pili alizima injini mahali ambapo sisi wote tuliona nyasi tu. Akaonyesha kwa kidevu, si kwa kidole. Swala watano wamesimama wote wanatazama upande mmoja, hakuna anayetafuna. "Ngojeni." Tukangoja kama dakika ishirini, zile za kweli, na duma wawili wakatoka nyuma ya kichuguu, mmoja akakaa tukamwona hadi ile mistari myeusi ya machozi usoni. Uganda hii, duma humwoni hifadhi ya Queen Elizabeth wala ya Murchison. Kwa asubuhi ile peke yake ningeandika nyota nne na kufunga simu.

Kwa hiyo labda tatu. Dereva tano, ofisi sifuri, tukigawanya tunakaribia huko.

Lakini tatu inamfaidi nani? Dereva haoni hata senti ya nyota zangu, yeye nilimpa bahasha yake mkononi. Nyota zitamsifu aliyemtuma barabarani alfajiri na spea moja. Kwa hiyo narudi chini.

Mnaopanga, ulizeni haya kabla ya kulipa, na mtake majibu kwa maandishi: gari linatoka Kampala siku gani, dereva analala wapi, spea ni ngapi (waombe picha ya mlango wa nyuma, inachukua sekunde tano), pampu ipo? Mafuta yanajazwa Kitgum au wapi, na jerikeni ni ngapi? Kwa Land Cruiser ya dizeli, kwenda Apoka kutoka Kitgum, mizunguko ya siku tatu na kurudi Kitgum, hesabu lita 80 hadi 90, basi tangi limejaa na jerikeni mbili za lita 20 za akiba zinatosha. Na kambi iambiwe ije kiwanjani hata kama mna gari lenu. Haigharimu kitu, ni ujumbe mmoja. Mkiona mtu wa ofisini anakasirika kwa maswali haya, mmeshapata jibu.

Niliporudi niliwaandikia nikiomba fidia ya jioni iliyopotea na ya bonde la kaskazini. Meneja yule yule akajibu kwa adabu safari hii, "mama yetu mpendwa" na maua matatu. Wametupa punguzo kwa safari nyingine ya Kidepo, ila tuitumie kati ya mwezi wa tano na wa nane. Mwezi wa tano na wa nane! Mvua imeshika Karamoja, nyasi zimefika dirishani, ule udongo mweusi unanata hadi gurudumu linakuwa duara la tope lisilo na meno, na mto wa mchanga unaweza kuwa mto wa maji ndani ya saa moja.

Nikamuuliza swali moja tu: mwezi huo gari litatoka Kampala siku gani, na spea ngapi? Tiki mbili za buluu. Wiki kadhaa sasa.