Lifti ya Nyumbani kwa Gari Lisilowaka: Ipi Ununue Ukiwa Malindi

Wauzaji wa lifti za kuinulia magari hupenda kukutajia tani. Hii inabeba tatu, ile nne, na mnunuzi anaitikia tu kana kwamba ana lori nyumbani. Magari mengi yaliyolala chini ya miarobaini ya Malindi hayana uzito huo: Probox ni tani moja na kidogo, Defender ni kama mbili. Kwa gari lisilowaka swali ni jingine kabisa. Litafikaje juu ya lifti? Na likishatolewa injini, litashukaje? Nimezipanga aina zilizopo kwa kufuata maswali hayo mawili.

1. Fremu mbili za kuburuta

Kwa nyumba nyingi naiweka hii mbele, ingawa mafundi wengi watanicheka. Ni fremu mbili ndefu za chuma. Kila moja unaiburuta chini ya ubavu wa gari, kisha pampu ndogo ya haidroliki inaziinua pamoja. QuickJack ndilo jina linalojulikana zaidi, na zipo nyingine za muundo huohuo. Gari halihami hata hatua, lifti ndiyo inayolifuata. Breki zimeshika kwa kutu, gia imekwama, usukani umejifunga na ufunguo ulipotea zamani? Hakuna kati ya hayo linalokuzuia. Hufungi bolti sakafuni, na kazi ikiisha unazisimamisha ukutani.

Kasoro yake ni urefu. Gari linapanda kama nusu mita tu, kwa hiyo bado utalala chali. Kushusha giaboksi ya Land Rover katika nafasi hiyo kunawezekana, lakini mabega yatakuambia. Pia gari lililokaa mwaka mzima huwa na matairi yaliyoisha upepo, na ubavu wake umeshuka hadi fremu haziingii. Jaza upepo kwanza, kisha pima: unahitaji sentimita 8 hadi 10 za uwazi. Sakafu iwe ngumu na sawa. Mchanga wa uani haufai, na kabro zinazocheza ni hatari zaidi kwa sababu zinadanganya macho.

2. Nguzo mbili

Hii ndiyo lifti halisi ya fundi. Magurudumu yananing'inia huru, chini kote kuna nafasi, na unafanya kazi ukiwa umesimama. Kama mpango wako ni kufufua magari kadhaa, ruka namba moja uje hapa. Ila masharti yake ni mengi.

La kwanza ni sakafu. Watengenezaji wengi hutaka zege lisilopungua sentimita 10, na wengine zaidi ya hapo. Sakafu nyingi za nyumba zetu zilimwagwa kwa ajili ya viti na makochi, juu ya mchanga, bila nondo. Toboa tundu dogo upime unene kabla ya kulipa senti. Ikiwa haitoshi, kata, chimba, suka nondo, mwaga zege jipya, na ulimwagilie maji. Zege huhesabiwa kuwa limefikia nguvu yake baada ya siku 28, na fundi atakayekuambia wiki moja inatosha si yeye atakayelala chini ya gari. Kabro usizifikirie kabisa.

La pili ni paa. Gari la mita 1.5 likiinuliwa mita 1.8 limeshafika 3.3, na nguzo zenyewe mara nyingi hupita 3.5. Pima kutoka sakafuni hadi boriti ya chini kabisa, usipime hadi kwenye kilele cha makuti.

La tatu ni kutu, na hapa Pwani ndipo penye mtihani. Mikono ya lifti hushika sehemu nne tu, na uzito wote unakaa hapo. Gari lisilo na chesisi, kama Probox, hushikwa kwenye kingo za chini ya milango, ambazo upepo wa chumvi huzila kutoka ndani huku rangi ikibaki inang'aa. Defender ya zamani nayo hudanganya kwa namna yake: bodi ni ya alumini, haina kutu, lakini chesisi ni ya chuma na huoza kwa ndani. Kabla ya kuinua, chukua nyundo ndogo ugonge kila sehemu ya kushikia. Sauti ikiwa ya bati bovu, au bisibisi ikizama, gari hilo si la nguzo mbili mpaka lichomelewe.

Kisha kuna mizani. Ukitoa injini gari likiwa juu, uzito unahamia nyuma ghafla. Weka stendi ndefu upande utakaobaki mzito kabla ya kufungua bolti za injini.

Kuliingiza gari lililokufa kati ya nguzo ni kazi ya kusukuma tu, mradi magurudumu yanazunguka. Gari la gia otomatiki lisilo na betri hukwama kwenye P, gia ya kuegesha. Mengi ya Kijapani yana kitundu kidogo kando ya gia: ingiza bisibisi nyembamba, bonyeza, uvute hadi N, gia huru. Prius za kuanzia 2003 hazina njia hiyo, bila betri ya volti 12 hazitoki P. Ipe betri nyingine, au weka vigari vidogo vya kubebea tairi chini ya magurudumu ya mbele.

3. Nguzo nne

Gari linapanda njia mbili za chuma na kusimama kwa magurudumu yake, kwa hiyo kingo zilizooza si tatizo. Ni nzuri kwa mwenye nafasi ndogo anayetaka gari moja likae juu na jingine chini yake huku akisubiri vipuri kutoka Mombasa. Lakini gari lisilowaka halipandi lenyewe, na kulisukuma kwa nguvu za vijana ni kutafuta msiba. Injini ikiwa imezimika, breki hazina msaada wa busta inayotegemea mvuto wa hewa wa injini, na kanyagio linakuwa gumu kama jiwe. Nunua winchi ya mkono pamoja na lifti, na mtu mmoja afuate tairi la nyuma na gogo la kuzuia. Ukitaka kutoa magurudumu, utahitaji jeki ya ziada ya katikati. Kebo zake za chuma zipakwe grisi mara kwa mara, kwa sababu hewa ya bahari haizisamehi.

4. Makasi

Ni vyuma vilivyopishana kama makasi, vinavyoinua gari kutoka chini ya tumbo lake. Inafaa duka la matairi. Kwa gari bovu, lifti yenyewe inaziba katikati, mahali hasa unapotaka kufanyia kazi.

5. Shimo

Ni rahisi kuliko zote, na huhitaji stima. Lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama shimoni ukingoja cheche, na magari yaliyokaa sana ndiyo yenye mipira ya mafuta iliyopasuka. Masika ikiingia, shimo linageuka kisima.

Chochote utakachochagua, nunua kwanza jeki nzuri ya magurudumu na stendi nne, maana hata lifti ya bei kubwa itazihitaji siku gari litakapogoma kusogea. Ulizia mota ya stima ya nyumbani ya volti 240, si ya fezi tatu. Uliza pia lifti inashukaje stima ikipotea: gari likiwa limekaa kwenye kufuli za usalama, ni lazima lipande kidogo kwanza ndipo kufuli zifunguke, kwa hiyo pampu ya mkono ni ya lazima. Mwambie muuzaji akuonyeshe mipira ya akiba ya kuzuia mafuta yasivuje kwenye silinda za lifti, aishike mkononi, asikuahidi. Na mkubaliane mapema nani atashusha nguzo kutoka kwenye lori, kwa kuwa dereva akishafika langoni kwako atasema kazi yake imekwisha.