Mota ya umeme ya volti 12 kwenye kayaki ya kujitengenezea, maoni yangu

Wakuu, kwa wale wanaoulizia hizi mota, mimi nimeifunga kwenye kayaki ya plaiwudi na faiba niliyojitengenezea hapa Kibirizi, Kigoma, na kwa kweli mota yenyewe sina neno nayo, haina kelele kabisa, unapita pembeni ya mitumbwi watu wanakushangaa unaendaje bila kasia (kuna mzee alisema huo ni uchawi haha). Msukumo wake pauni 55, kwa kayaki unatosha na chenji inabaki.

Kasheshe ni betri. Gia ya mwisho inanyonya karibu ampia 50, sasa betri ya asidi ya 100Ah (yaani ampia-saa 100) ambayo hutakiwi kuishusha chini ya nusu, saa moja tu hoi, na uzito wake ni kama kilo 30. Ukienda gia za chini unakaa majini muda mrefu sana. Mfuko ukiruhusu chukua lithiamu, ni nyepesi na unaitumia karibu yote. Na duka nililonunua, walinipa viwaya vyembamba bila fyuzi, vikapata moto mpaka plastiki ikaanza kunuka, hebu fikiria uko katikati ya ziwa!

Kingine nyuzi za nyavu za dagaa, zinajisokota nyuma ya pangaboi, fungua uzitoe mara kwa mara zisije zikala sili (ule mpira unaozuia maji) maji yakaingia ndani ya mota. Upepo ukichachamaa haishindani na mawimbi ya Tanganyika, kasia beba tu.

Mota nyota nne, duka nyota moja.