Eti nimepiga Ubuntu kwa hiyo waranti imekufa: uzoefu wangu na laptopu ya Kariakoo

Jamani naandika hii bado nina hasira, mnisamehe. Miezi kadhaa nyuma nilinunua laptopu mpya duka moja Kariakoo, silitaji, kwa ajili ya steshenari yangu, kuchapa, kuprinti, kujazia watu fomu za ajira na za mkopo wa chuo. Mambo ya ramu na nini yapo kwenye boksi, siyasemi.

Siku ile niliuliza kabisa, kaka hamna yenye Ubuntu, ule mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, au hata tupu? Akanijibu, "Dada, bila Windows utafanyia nini, hii tumeshakupigia kila kitu." Kumbe Windows yenyewe ya kukraki. Haikuchukua muda yakatokea yale maandishi kwenye kona ya kudai leseni, halafu virusi vya flashi za wateja vikaingia, kila folda inageuka shotikati. Binti mmoja nusura alie mbele yangu maana riseachi yake ilikuwa humo. Mdogo wangu akaja usiku akanipigia Ubuntu, tukachomeka ile flashi ya yule binti, mafaili yote yakaonekana, kumbe vile virusi vilikuwa vimeyaficha tu. Nilishukuru Mungu.

Sasa tundu la chaja likalegea. Nikawa nakunja risiti naweka chini ya waya ndo inachaji, ukigusa meza tu imekata. Waranti ni ya mwaka mzima nikarudi dukani. Yule kaka akaiwasha, akaona zambarau badala ya bluu, akaifunga palepale, hata chaja hakuichomeka. "Umetoa Windows, waranti imekufa." Nikamwambia kaka, tundu la chaja ni chuma na plastiki, Ubuntu inalilegezaje? Akamgeukia mwenzake kama vile mimi sipo, "Hawa wanajifanya mahaka wakishaharibu wanaturudishia." Mbele za watu! Mimi na watoto wangu wawili naitwa haka, yaani mdukuzi wa kompyuta, kwa sababu nimekataa kutumia kitu cha wizi walichoniwekea wao.

Lakini nikikaa nikafikiria naona wa kulaumiwa kwanza ni watengenezaji. Wanaweza, wanafanya makusudi. Dell walianza kuuza kompyuta zenye Ubuntu Marekani tangu 2007 baada ya wateja wao wenyewe kuomba sana, Lenovo nao 2020 wakaongeza laptopu zao za ThinkPad kibao zinazotoka kiwandani na Ubuntu. Sasa mbona mimi nimezunguka maduka manne Kariakoo na mawili Posta sijaonyeshwa hata moja? Neno lenyewe Ubuntu limetoka Afrika, ni utu huu huu wetu. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishatoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya kuchapia ya Kiswahili, tangu 2004, kwa hiyo msituambie programu huria ni mambo ya wazungu. Leteni boksi mbili, yenye Windows ya leseni halali na yenye Ubuntu, mtu achague na mfuko wake. Na kwenye karatasi ya waranti andikeni mstari mmoja, kwamba kubadilisha mfumo hakuui waranti ya vifaa. Huo mstari ungekuwepo yule kaka angenijibu nini?

Nilikuja kutoa nyota moja. Ila mashine yenyewe, niseme ukweli, tangu iwekwe Ubuntu inawaka haraka, printa iliitambua yenyewe, LibreOffice ninayochapia silipii, sijaona tena shotikati. Fundi wa mtaani kwangu alichomelea lile tundu nusu saa, hakuniuliza natumia mfumo gani. Basi laptopu naipa nne. Duka nilisema niwape mbili, kwa kuwa bei yao ilikuwa nzuri na wale vijana wengine walinipokea vizuri... hapana, nikikumbuka ile "hawa wanajifanya mahaka" roho inakataa. Duka sifuri, na risiti yao bado ninayo.