Tofali la kufungamana: nyota nne kwa tofali, nyota mbili kwa neno "nafuu"

Niseme mapema, mimi si fundi. Nakaanga samaki Mbagala, Dar es Salaam, upande wa Charambe, na kwenye kikoba chetu ndimi ninayeshika daftari. Tofali hili, ambalo watu wa miradi wanalisifia kuwa la nyumba za bei nafuu, nalijua kwa kulibeba kichwani, kulimwagilia maji, na kulipigia hesabu usiku kwa tochi ya simu. Mafundi wenye neno walete.

Mwenzetu mmoja wa kikoba alikatwa mguu kwa sababu ya sukari. Alikuwa amepanga chumba cha nyuma kwenye nyumba ya watu: ngazi tatu mpaka mlangoni, choo uani ng'ambo ya tope. Kiti mwendo alikipata, lakini kikawa kinalala nje kama mbuzi, maana mlango ulikuwa mwembamba hakipiti. Mwanawe wa kidato cha pili ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni kumpeleka chooni. Fikiria mama mtu mzima, na fikiria huyo kijana. Kiwanja anacho, kidogo, aliachiwa na marehemu mumewe. Tukakubaliana kufungua mfuko wa jamii tumjengee vyumba viwili, sebule na choo cha ndani.

Tofali hili tulikwenda kulionea Chamazi. Wengi mnapajua kwa uwanja wa Azam, basi mkipita hapo ulizieni zile nyumba za watu waliotoka Kurasini. Walihamishwa kupisha upanuzi wa bandari. Wenye nyumba wakapata fidia, wapangaji wakabaki wanatazamana. Ndipo vikundi vya kuweka akiba, vikisaidiana na shirika la Centre for Community Initiatives, vikanunua ekari 30 kule Chamazi, na watu wakajifunza kufyatua matofali wenyewe, akina mama mbele. Tulizunguka tukagusa kuta. Shoga yangu mmoja alikwaruza tofali kwa ufunguo wa nyumba kuona kama litamomonyoka. Halikumomonyoka, tukaondoka haraka kabla mwenye ukuta hajatoka.

Sasa bidhaa yenyewe. Ni tofali la udongo na saruji kidogo, linashindiliwa kwenye mashine ya mkono, halichomwi. Letu lilikuwa na urefu wa sentimita 30, upana 15, kimo 10. Juu lina vinundu, chini lina mashimo, kwa hiyo moja linakalia jingine na kujishika bila udongo wa kujengea katikati. Zege unaliweka kwenye msingi na kwenye lenta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, na kozi ya kwanza, yaani safu ya chini kabisa ya matofali, lazima ilazwe kwenye saruji na kunyooshwa kwa uzi na pimamaji kama vile unapima dhahabu. Ukikosea pale chini, kosa linapanda nawe mpaka kwenye paa. Wazo la mashine ya mkono ya kushindilia udongo lilitokea Colombia miaka ya 1950, haya ya kufungamana yakaja kutoka Thailand miaka ya 1980, na hapa kwetu Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, wale wa Mwenge, wameyahubiri kwa miaka mingi.

Udongo ndio mtihani wa kwanza. Mchanga wetu wa Mbagala peke yake haushiki, ni kama kufinyanga unga wa sembe mkavu. Ilibidi tulete udongo mwekundu kutoka upande wa Kisarawe, Fuso mbili, tukachanganya sehemu mbili za huo na moja ya mchanga wa kiwanjani. Kabla ya kulipia Fuso tulifanya kipimo cha chupa: unajaza theluthi ya udongo kwenye chupa ya maji, unaongeza maji, unatikisa, unaiacha mpaka kesho. Mchanga unatulia chini, udongo wa mfinyanzi unakaa juu, unaona kwa macho uwiano wake. Mfinyanzi ukizidi, tofali linapasuka likikauka. Kipimo cha maji nacho ni cha mkono: finya donge, liachie kutoka usawa wa bega. Likitawanyika kama vumbi, ongeza maji. Likibandika chini kama chapati, umezidisha. Likivunjika vipande vitatu vinne, anza kazi. Mimi nilikuwa bingwa wa donge. Miaka ya kukandia maandazi haipotei bure.

Mashine tuliikodi kwa mtu, shilingi 15,000 kwa siku. Huyo simtaji, ila mashine yake ilikuwa imechoka. Kifuniko kilikuwa na mchezo, kwa hiyo tofali moja linatoka na kimo cha sentimita 10, linalofuata limezidi milimita mbili. Milimita mbili nani anaziona? Fundi aliziona kwenye kozi ya sita, pimamaji ilipoanza kulala upande. Ukuta wa kawaida angerekebisha kwa kuongeza au kupunguza udongo wa kujengea. Ukuta huu hauna, kwa hiyo hakuna pa kufichia uongo. Tukabomoa kozi mbili, tukakaa chini siku nzima kuyapanga matofali kwa vimo: marefu huku, mafupi kule, yale ya katikati hapa. Ukikodi mashine, fyatua matofali kumi ya mwanzo, yapange sakafuni bega kwa bega, pitisha mbao iliyonyooka juu yake. Mbao ikicheza, mrudishie mwenyewe mashine yake.

Tulifyatua matofali 3,100 kwa siku 12, akina mama wanane kwa zamu za kuchekecha, kuchanganya, kubonyeza na kubeba. Ule mkono wa mashine unataka mtu mzito. Hapo ndipo mwili wangu, ambao hospitali kila siku wanausema, uliheshimiwa. Yaliyovunjika au kukataliwa yalikuwa kama 200. Yaliyobaki tuliyafunika kwa nailoni wiki nzima na kuyamwagilia asubuhi na jioni, kisha wiki ya pili bila kufunika sana. Usiruke hatua hii. Kuna rundo la pembeni tulilisahau juani, yakawa yanaachia kona ukiyashika.

Daftari sasa. Saruji mifuko 43 kwa 16,000 ni 688,000. Udongo Fuso mbili kwa 130,000 ni 260,000. Mashine siku 12 ni 180,000. Jumla 1,128,000. Kwa ukuta huohuo fundi alitukadiria bloku za inchi sita 860. Kwa 1,300 kila moja ni 1,118,000. Mmeona? Tofali "nafuu" limezidi kwa elfu kumi. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani tochi inanidanganya.

Nafuu iko kwingine: hukujengea kwa saruji na hukupiga lipu. Fundi alisema hapo tumeepuka mifuko kama 45, yaani 720,000, ukiacha mchanga na ufundi. Sawa, hiyo ni pesa kweli. Lakini hebu tuweke kwenye daftari kitu ambacho wanaolisifia tofali hili hawakiweki. Akina mama wanane, siku 12. Saidia fundi wa kiume kwetu hakubali chini ya 10,000 kwa siku. Nane mara 12 mara 10,000 ni 960,000. Ukikumbuka ile elfu kumi iliyozidi, nafuu yote imeliwa, na 250,000 zimetoka mgongoni kwetu. Mimi wiki hizo mbili sikukaanga samaki. Mwenzangu mmoja alipoteza wateja wa uji mpaka leo.

Silalamiki kwamba tulimsaidia mwenzetu, tungefanya tena. Nalalamikia neno. Mtu wa mradi anaposimama mbele ya watu na kusema hii ni nyumba ya bei nafuu kwa watu wa hali ya chini, nataka aseme pia ni nafuu kwa sababu nani hakulipwa. Saruji haikutolewa sadaka. Fuso haikutolewa sadaka. Kilichotolewa sadaka ni sisi.

Ninalolipenda kweli tofali hili ni jinsi lilivyotufanya tupange nyumba kabla ya kujenga. Kwa kuwa kila tofali ni sentimita 30 na kuna la nusu, tulichora ramani sakafuni kwa matofali yenyewe, na mwenye nyumba akapita katikati yake na kiti chake. Alipokwama, tukasogeza. Uwazi wa mlango ukatoka matofali matatu na nusu, sentimita 105; ukitoa fremu inabaki 90, na kiti kinapita bila kugusa. Chooni alizunguka mara mbili akasema hapa ninageukia, hapa nashika, wekeni bomba la kushikilia mkono wa kulia. Ramani gani ya kununua ingekuuliza mkono upi?

Kwenye mteremko wa kupandia tuligombana. Msingi tuliunyanyua sentimita 30 kwa ajili ya mafuriko, na fundi akamwaga mteremko wa mita moja na nusu, umesimama kama ubao wa kupandishia ng'ombe kwenye lori. Mwenye nyumba akautazama, akasema, "Huu mnataka nipande au niteleze?" Kanuni ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda itembee 12. Kwa hiyo 30 zinataka mita tatu na sentimita 60, na kiwanja hakina urefu huo mbele. Tukauvunja, tukauzungushia ubavuni mwa nyumba ukiwa na kona bapa katikati. Fundi alinuna siku mbili. Sasa watoto wa mtaa wanautumia kuteremshia matairi, na mwenye nyumba anapanda mwenyewe bila kusukumwa.

Kasoro za tofali, kwa ufupi. Nyaya za umeme zinapita kwenye mashimo ya matofali, kwa hiyo lazima zipangwe ukuta ukiwa unapanda. Fundi umeme wetu alikuja ukuta umekwisha, ameshika tindo na nyundo. Tulimzuia mlangoni, tukaishia na mabomba ya nje ya ukuta. Msumari usiugongee ovyo, tofali linachanika. Ndani, viungo vikavu vina nyufa ndogo, na kunguni hawahitaji mwaliko, kwa hiyo tulisugua uji wa saruji kwenye viungo vyote vya vyumba vya kulala. Na nje, chini ya ukuta, matone ya mvua yanayoruka kutoka ardhini yanakula tofali taratibu. Nyoosha paa litoke vizuri nje ya ukuta, na ukanda wa chini upake saruji hata kama hutapaka kwingine.

Halafu kuna macho ya watu. Kila jirani anayepita: "Hongera, lipu mnapiga lini?" Kwetu ukuta bila lipu ni nyumba ambayo pesa imeisha. Ukimweleza kwamba imekwisha hivyohivyo, anakuonea huruma zaidi. Mwenye nyumba alivumilia miezi mitatu, kisha akapiga lipu upande wa mbele tu na kuupaka kijani cha bahari. Mhandisi mmoja aliyekuja kutazama alisikitika, ati umbile la asili la ukuta limepotea. Umbile la asili akalitafute ubavuni, bado lipo.

Mwezi uliopita mtu mwingine wa Charambe ametuomba tumfyatulie 2,500. Safari hii nilifungua ukurasa mpya wa daftari, nikaandika juu kabisa: vibarua, 8,000 kwa siku kila mmoja, kabla ya saruji. Aliguna, akalipa. Bado kuta zimemtoka kwa bei ya chini kuliko bloku na lipu, si kwa mbali, ila pesa yake nyingi imeingia mifukoni mwa akina mama badala ya dukani. Mashine tuliikodi kwa mtu mwingine, na mbao iliyonyooka nilikwenda nayo kwapani.

Nyota nne kwa tofali. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya kunguni na nyaya. Nyota mbili kwa neno "nafuu" mpaka waliweke daftarini sawasawa. Anayetaka kuiona nyumba aje kabla ya saa nne asubuhi, mwenyewe huwa barazani na karanga zake, mteremko uko kulia. Apunguze kukwaruza kuta kwa funguo.